Huduma za ulemavu chuo kikuu: nani anaamua nini, na uombe lini

Mwanafunzi asiyeona anayemaliza kidato cha sita Tanzania huwa hajawahi kuandika barua ya kuomba muda wa ziada. Shule ndiyo iliyomsajili kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu. Karatasi ya Baraza la Mitihani (NECTA) ilikuja kwa nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa kwa vidole, na msimamizi aliongeza dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, kwa kuwa Baraza lilielekeza hivyo. Kwa mtihani wa saa tatu hiyo ni nusu saa, na kwa Hisabati ni saa nzima. Yeye alitakiwa kusoma tu.

Chuo kikuu hakuna NECTA. Mtihani hutungwa na mhadhiri, hupitishwa na idara, hupangiwa ukumbi na watu wa ratiba, na husimamiwa na mtu ambaye pengine hajawahi kukuona. Taarifa zako za sekondari hazimfikii yeyote kati yao. Wengi hukwama hapo muhula wa kwanza: walijaza kipengele cha ulemavu kwenye fomu ya udahili, wakaamini kwamba chuo kizima kimeshajua. Kipengele kile hubaki kwenye kumbukumbu za udahili. Anayegawa vyumba vya hosteli ana orodha yake, maktaba ina taratibu zake, Bodi ya Mikopo iko nje ya chuo kabisa. Ukitaka huduma ikamilike, inabidi ujue kila uamuzi uko mezani kwa nani na unafungwa lini.

Kuhusu haki yenyewe hakuna utata. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inalinda haki ya elimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja elimu ya juu waziwazi katika ibara ya 24 na kudai marekebisho stahiki, yaani mabadiliko anayohitaji mtu fulani katika mazingira fulani, ilimradi yasimbebeshe anayeyafanya mzigo uliopita kiasi. Kipimo hicho hutazama mtu mmoja na kikwazo kimoja. Ombi la "naomba nisaidiwe kwa kuwa nina ulemavu" haliwezi kupimwa hivyo, ndiyo maana hujibiwa kwa maneno mazuri na hakuna kinachofuata.

Karatasi ya daktari na barua yako ni vitu viwili

Ripoti ya hospitali hutaja ugonjwa au hali: glakoma, kupooza miguu, ualbino wenye uoni hafifu, kifafa. Inathibitisha kwamba hujadanganya. Lakini ofisa wa chuo hawezi kutoka kwenye "glakoma macho yote mawili" hadi kwenye "karatasi ya mtihani ichapwe kwa herufi za pointi 20". Anayejua njia hiyo ni wewe, na daktari akikubali kuongeza mistari miwili. Mwombe aandike unachoweza na usichoweza kufanya: unasoma maandishi ya ukubwa gani, kwa umbali gani, kwa muda gani kabla macho hayajachoka, unaandika kwa mkono kwa dakika ngapi, unapanda ngazi au hupandi. Daktari wa macho anavyo vipimo hivyo tayari kwenye faili, ila haviandiki asipoambiwa vinakwenda kutumika wapi.

Barua yako ndiyo itakayobeba ombi. Nyingi huwa ndefu kwa historia na fupi kwa mahitaji. Igeuze. Mfano wa aya inayofanya kazi ni huu:

"Ninasoma maandishi ya pointi 20 na kuendelea, ya pointi 12 siyaoni hata kwa miwani. Naomba (1) karatasi za majaribio na mitihani ya mwisho zichapwe kwa pointi 20 kwenye A4, zisikuzwe kwa fotokopi kwenda A3; (2) muda wa ziada wa dakika 10 kwa kila saa, kama nilivyopewa kwenye mitihani ya kidato cha nne na cha sita; (3) niketi mbali na dirisha linaloingiza jua moja kwa moja. Naambatisha ripoti ya daktari wa macho. Naomba jibu la maandishi kabla ya wiki ya tano, kwa kuwa majaribio ya kwanza huanza baada ya hapo."

Kila ombi lina kipimo, lina sababu, na mhusika anaweza kulitekeleza bila kukuuliza tena. Suala la A3 ni la kweli: fotokopi iliyokuzwa hukuza pia ukungu wa wino, na karatasi kubwa hailali vizuri juu ya dawati dogo la ukumbini. Kutaja utaratibu wa NECTA nako kunasaidia sana, maana idara isiyo na kanuni yake huogopa kubuni namba. Ukiionyesha namba ambayo chombo cha taifa kinaitumia, inakuwa na pa kusimamia.

Barua ielekezwe kwa kitengo cha elimu maalumu pale kilipo, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pasipo na kitengo, mlango ni ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Nakala iende kwa mkuu wa idara. Ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaouliza swali kwa niaba yako mwezi wa pili wa muhula.

Mambo yanayofungwa kabla hujapanda basi

Mkopo ni wa kwanza kwa sababu dirisha la Bodi ya Mikopo hufungwa kabla masomo hayajaanza. Mwombaji mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, huambatisha fomu ya kuthibitisha ulemavu iliyosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Ripoti ya bingwa wa hospitali binafsi, hata iwe ya kina namna gani, haichukui nafasi ya saini hiyo. Makosa yanayojirudia ni madogo na yanaumiza: muhuri hausomeki baada ya skani, jina la fomu halilingani na la cheti cha kuzaliwa, au mtu amepiga picha ukurasa wa kwanza na kusahau wenye saini. Mganga Mkuu wa Wilaya hakai kituoni kila siku, kwa hiyo fomu ichukuliwe mapema, wala isisubiri wiki ya mwisho ambayo kila mtu yuko foleni. Aliyekosea bado ana dirisha la rufaa, lakini fedha za rufaa huja baadaye na wewe utakuwa umeshaanza kula.

Mkopo hulipia vitu vilivyotajwa: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikio, mafunzo kwa vitendo na kadhalika. Mkalimani wa lugha ya alama, mtu wa kukuongoza au kitimwendo kipya visichukuliwe kuwa vimo humo. Uliza chuo kwa barua, kabla ya kuripoti, kipi kinagharamiwa na chuo na kipi utajitegemea. Mwanafunzi anayekuja na msaidizi wa kulala naye chumba kimoja aulize pia kama kitanda cha msaidizi kinalipiwa, maana mfumo wa hosteli humtambua mwenye namba ya usajili tu.

Kitanda chenyewe kiombwe wiki ileile barua ya udahili inapotoka. Vyumba vya chini hujaa kama vingine, na kumhamisha mtu aliyekwisha kuingia ni vita isiyo ya lazima. Kwa anayetumia kitimwendo, "chumba cha chini" peke yake ni nusu ya ombi. Taja umbali wa bafu na choo, na upana wa mlango wa choo. Pima kitimwendo chako kwenye sehemu pana kuliko zote, ambayo huwa ni kati ya pete za kusukumia, kisha ongeza nafasi ya vidole vya mikono yote miwili. Mlango unaoacha uwazi wa sentimita 80 hupitisha viti vingi. Wa sentimita 70 hukwangua mikono au haupitishi kabisa. Wakati mwingine suluhisho la haraka ni kung'oa ubao wa mlango na kutundika pazia zito, na sentimita chache zinapatikana siku hiyohiyo wakati ukarabati unasubiri bajeti. Bafu ambalo mlango wake unafunguka kwa ndani ni hatari: ukianguka nyuma yake, hakuna anayeweza kuusukuma.

Rampu nazo hujengwa kwa nia njema na hesabu mbaya. Kipimo kinachokubalika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Ngazi tatu za sentimita 15 zina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo rampu yake ni mita 5 na sentimita 40. Fundi akikuonyesha kipande cha mita mbili, huo ni mteremko wa kuangusha watu, na mvua ikinyesha hautumiki.

Kuhusu madarasa ya ghorofani kwenye jengo lisilo na lifti, usiombe lifti. Omba kipindi kihamishwe. Mtu wa ratiba anaweza kubadilisha ukumbi kwa dakika chache rasimu ikiwa bado wazi. Ikishabandikwa, atalazimika kuhamisha kozi nyingine nne ili yako ishuke. Mpelekee namba za kozi zako zote, aone kipi kinagongana na kipi.

Maandishi yanayosomeka

Kwa mwanafunzi asiyeona au mwenye uoni hafifu, kazi kubwa ya muhula ni kupata maandishi kwa wakati, na adui mkubwa ni PDF ya picha. Mhadhiri amepiga skani sura ya kitabu, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na kila mtu anasoma isipokuwa wewe. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwenye kompyuta za Windows, itasema ukurasa mtupu, kwa kuwa ndani yake hakuna herufi, kuna picha ya herufi. Kulijua hilo ni rahisi: mwenzako ajaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Neno lisipochaguliwa, ni picha, na inahitaji programu ya kutambua maandishi kabla haijakufikia. Skani iliyopinda au yenye kivuli cha mgongo wa kitabu hutoa maneno yaliyovurugika, kwa hiyo ombi bora kwa mhadhiri ni faili asilia la Word. Mara nyingi analo. Hakulituma kwa kuwa hakuna aliyemwomba.

Anayesoma nukta nundu ana hesabu nyingine. Ukurasa mmoja wa A4 uliojaa huzaa kurasa mbili hadi tatu za nukta nundu, hivyo kitini cha kurasa 60 kinakuwa kati ya 120 na 180, na lazima mtu akihariri kwanza, akiondoa majedwali yaliyovunjika na kueleza michoro kwa maneno. Ukikipeleka Ijumaa kwa kipindi cha Jumatatu, hakitakuwa tayari, na kosa halitakuwa la mwendesha mashine. Omba orodha ya usomaji ya muhula mzima katika wiki ya kwanza, kisha upange mwenyewe kipi kiwe nukta nundu (fomula, lugha, chochote kinachohitaji kupapaswa) na kipi kitoshe kusikilizwa.

Maktaba husita kunakili vitabu kwa kuogopa hakimiliki. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulitungwa kwa ajili ya jambo hilo hasa, yaani kuruhusu nakala zinazofikika kwa wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na Tanzania ni mwanachama wake. Utaje kwenye barua yako kwa mkutubi.

Mkalimani

Kutafsiri kwa lugha ya alama ni kazi inayochosha akili haraka, na baada ya dakika 20 hadi 30 mfululizo mkalimani huanza kudondosha maneno. Kipindi cha saa mbili kinahitaji wakalimani wawili wanaopokezana. Akiwapo mmoja tu, kubalianeni na mhadhiri mapumziko mafupi kila nusu saa, tena mbele ya darasa, ili lisionekane ombi la kila siku.

Tatizo la pili halizungumzwi vya kutosha. Mwanafunzi kiziwi hawezi kumtazama mkalimani na slaidi kwa wakati mmoja. Mhadhiri anaposema "kama mnavyoona hapa" huku akiendelea kueleza, kimoja kinapotea. Anatakiwa kunyamaza kidogo darasa litazame, ndipo aendelee. Kwa sababu hiyohiyo kiziwi hawezi kuandika notsi huku akitazama tafsiri, kwa hiyo anahitaji mwenzake wa kumwandikia, aliyekubaliwa kwa jina na kulipwa au kutambuliwa na chuo. "Utanakili kwa rafiki" si mpango. Siku rafiki asipokuja, kipindi kimepotea.

Istilahi za fani nyingi hazina alama zilizozoeleka. Mkalimani apewe slaidi walau siku mbili kabla, akae na mwanafunzi wakubaliane alama za maneno mapya, na alama hizo ziandikwe mahali. Mkalimani akibadilika katikati ya muhula bila kumbukumbu hizo, mnaanza upya. Pale chuo kinapodai hakuna wakalimani, CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ni pa kuulizia.

Mtihani

Wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho peleka ukumbusho, hata kama barua ya kibali ipo. Kibali kinasema nini kifanyike. Ukumbusho unataja kozi, tarehe, saa na chumba. Barua ya kibali iwe mfukoni siku ya mtihani, maana msimamizi wa zamu anaweza kuwa mgeni na ana haki ya kudai karatasi.

Chumba cha peke yako kinatuliza, lakini kina shimo lake. Mtihani unapokuwa na kosa la uchapaji, mhadhiri huingia ukumbi mkuu na kutangaza: "Swali la tatu, badilisheni 0.5 kuwa 0.05." Wewe hukusikia, na utafanya hesabu isiyo na jibu kwa dakika 40. Kubalianeni mapema nani atakayeleta marekebisho kwenye chumba chako, na msimamizi wako awe na namba ya simu ya mhadhiri. Kwa kiziwi aliye ukumbi mkuu ni hivyohivyo: marekebisho yaandikwe ubaoni.

Ukiandika kwa kompyuta, betri iwe imejaa kwa kuwa umeme hukatika, faili lihifadhiwe kila baada ya swali, na majibu yachapwe ukiwapo. Hesabu kurasa, saini kila mmoja, ndipo uondoke. Ukiandika kwa nukta nundu, uliza nani atayageuza kuwa maandishi ya kawaida kwa msahihishaji. Anayejua nukta nundu lakini hajui kemia anaweza kuweka tarakimu ndogo mahali pasipo pake, na alama ukapoteza wewe. Omba haki ya kusomewa nakala iliyogeuzwa kabla haijapelekwa.

Mwandishi wa kukuandikia majibu asiwe anasoma kozi hiyo, lakini awe anajua tahajia ya maneno yake. Fanyeni zoezi la saa nzima kabla. Kuamuru aya kwa sauti, kurudi nyuma, kufuta na kumwelekeza achore mhimili wa grafu ni ujuzi wa watu wawili, na ukumbi wa mtihani si mahali pa kujifunzia. Muda wa ziada nao uandikwe kwa saa ya ukutani: "ataanza saa 3:00 na kumaliza saa 6:30". Msimamizi aliyeambiwa "muda wa ziada" tu atakusanya karatasi wenzako wanapotoka.

Wasiodhaniwa kuwa na ulemavu

Kifafa, matatizo ya afya ya akili, ugumu wa kusoma na maumivu ya kudumu hupata huduma kwa njia ileile ya barua, na wenye hali hizi huchelewa kuomba kwa kuogopa kusemwa. Mhadhiri hahitaji kujua ugonjwa wako. Ripoti ya daktari ibaki kwenye kitengo, na idara ipewe barua inayotaja marekebisho tu. Andika ombi hilo wazi kwenye mstari wa mwisho. Mwenzako wa chumba ndiye anayepaswa kujua zaidi kama una kifafa: akulaze ubavu, asitie kitu mdomoni, aangalie saa, na degedege likipita dakika tano aite msaada wa hospitali.

Wanafunzi wenye ualbino huombewa viti vya mbele na hadithi huishia hapo. Jua la kati ya kipindi na kipindi ni sehemu ya ombi pia: vipindi vya karibukaribu kwa majengo, ruhusa ya kofia na miwani ya giza ndani ya ukumbi, na mafuta ya kukinga jua. Kilisun, yanayotengenezwa hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, yanafaa kuulizwa kliniki ya ngozi.

Nje ya chuo, na unapokataliwa

Mafunzo kwa vitendo ndipo mipango mizuri huvunjika, kwa sababu kibali cha chuo hakimfungi mwajiri wala shule unayokwenda kufundisha. Mratibu wa mafunzo apewe mahitaji yako kabla hajagawa vituo, na kituo kitembelewe au kipigiwe simu: kuna ngazi, choo kikoje, kompyuta inaruhusu kuwekwa NVDA, mkalimani atalipwa na nani kwa wiki nane. Msimamizi wa chuo anayekuja kutathmini naye ajulishwe kwamba mwalimu asiyeona anaweza kusimamia darasa kwa msaidizi wa kuandika ubaoni, na kwamba anayetathminiwa ni mwalimu.

Kwa anayesoma Kenya mlango wa kwanza ni tofauti. Huko usajili hufanywa kwa Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu baada ya kupimwa kwenye hospitali ya serikali, na namba hiyo huombwa karibu kila mahali. Barua ya mahitaji chuoni inabaki kuwa ileile.

Ombi likikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Kwa mdomo utaambiwa "bajeti". Kwenye karatasi mara nyingi hugundulika kwamba hakuna aliyekokotoa gharama. Toka kitengo hadi Mshauri wa Wanafunzi, kisha Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, ukiambatisha kila mara nakala zenye mihuri. Vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, vinaweza kukusindikiza, na nje ya chuo ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Jambo la mtihani lisisubiri ngazi hizo zote. Kama marekebisho hayakutolewa siku yenyewe, andika maelezo siku hiyohiyo, mwombe msimamizi aandike kwenye ripoti yake ya chumba, na upeleke nakala idarani kabla matokeo hayajatoka. Rufaa ya baada ya matokeo huonekana kama malalamiko ya aliyefeli, hata inapokuwa na haki yote.